Firigisi Kwenye Sahani ya Fadhili

Mimi ndiye yule mtu wa firigisi. Naanza kwa kukiri kwa sababu najua habari imeshazunguka mtaa mzima wa Ngokolo, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, wengine wanasema nilipigwa, wengine wanasema nililia. Hakuna aliyenipiga. Kuhusu kulia tutafika huko. Bora niseme mwenyewe, mcheke mara moja yaishe.

Kwa asiyenijua, naitwa Shija, nina bucha hapa Shinyanga mjini, bucha niliyoachiwa na marehemu baba, ina dirisha la wavu, gogo la kukatia, na mizani ambayo naifuta kila asubuhi kabla sijanywa chai. Mchumba wangu ni Neema, fundi cherehani, kibanda chake kipo mtaa wa pili kutoka kwangu. Tulijuana kwenye hiyo mizani. Alikuja kununua nusu kilo, nikapima ikawa pungufu kidogo, nikaongeza kipande, akaniangalia weee, akasema, "Wewe ndiye wa kwanza," akaondoka. Sikuelewa alichomaanisha, ila tangu siku hiyo hakununua nyama kwingine, na baada ya miezi kadhaa tukawa hatuzungumzii nyama tena.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Barua ya posa ilishaandikwa, imetiwa kwenye bahasha, ipo kwenye kabati la mayu (ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, wangu anaishi Kishapu), wajomba wameshaambiwa wakae tayari, tulikuwa tunasubiri kupanga siku tu. Ndipo akaingia Fadhili.

Neema huenda Mwanza kila mwezi kununua vitambaa, anaondoka asubuhi anarudi jioni, na tumbo lilikuwa limemsumbua mwaka mzima, vidonge vya kila rangi ameshameza. Siku moja huko Mwanza akaelekezwa mgahawa wa huyu Fadhili, anayepika vyakula vya mimea tupu, yaani hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna dagaa, yai, maziwa, samli, hata asali hakuna (asali jamani, na yenyewe imefanya nini). Akala, akafundishwa kupika, akaacha nyama kabisa, tumbo likatulia. Nilifurahi. Naapa nilifurahi, kama siku tatu hivi.

Kilichoniharibia furaha ni lile neno "Fadhili anasema". Maharage yalowekwe tangu jana yake, Fadhili anasema. Karanga zisikaangwe sana, Fadhili anasema. Mtu akila asiongee na simu, Fadhili anasema, na mimi wakati huo naongea na simu. Nikamtafuta kwenye mtandao, nikaipata picha yake mbele ya mgahawa, mrefu, shati jeupe limenyooka, ameshika karoti na anacheka nayo. Nikaikuza ile picha kwa vidole nikitafuta kasoro. Niliangalia meno, niliangalia nywele, nikafika mpaka kwenye kucha, zote safi. Nikaangalia kucha zangu, nikazima simu.

Sasa jioni moja, jua bado lipo, nafuta gogo nifunge, Neema akapita kunisalimia, na katika mazungumzo tu, bila nia mbaya, akasema, "Unajua Fadhili ana miaka sita hajaonja nyama? Mwanamume kujizuia hivyo, si mchezo."

Nilikuwa nimeshika kisu, aproni ina damu, nyuma yangu limening'inia paja zima la ng'ombe. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hata mimi nimeacha. Leo siku ya kumi."

Mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa nimekula supu ya kongoro na chapati tatu.

"Kweli Shija?"

"Kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nijipime kwanza," nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliyetoka kwenye mfungo. Akanishika mkono, huo wenye damu, akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo, nami nikajisemea moyoni, Fadhili, umeisha.

Kuanzia hapo nikawa mfungwa. Neema akawa ananiletea bakuli kila mchana, leo choroko, kesho kunde, anakaa pale kwenye benchi mpaka nimalize, akishaondoka naingia chumba cha nyuma kula nyama kwa kujibanza, kisha natafuna tangawizi kuua harufu. Muuza nyama, ndani ya bucha yangu, nyama yangu, naila kama mwizi. Na wateja wakaanza kuniuliza kama naumwa, kwa sababu kila saa natafuna tangawizi.

Mwezi na nusu ukapita hivyo. Ndipo Neema akaja na habari kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi wateja wa Fadhili huwa wanakutana pale mgahawani, kila mmoja na chakula cha kwao cha mimea, wanakula pamoja, wanazungumza. "Twende wote," akasema. "Nimeshawaambia mchumba wangu anakuja. Wanakusubiri kwa hamu."

Mtu mwenye akili angesema bucha haina wa kuiangalia Jumamosi. Mimi niliona nafasi ya kwenda kumtazama Fadhili usoni, na kumpikia chakula kitakachomtoa jasho. Ila mimi kupika sijui. Nikampigia mayu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Umeshakula?"

"Nimekula. Mayu, Jumamosi naenda Mwanza na Neema, tunakwenda kwa watu wake. Naomba uje unipikie nsansa." (Nsansa ni yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani, yakiungwa kwa karanga na mayu mtu anaweza kula mpaka akasahau anakokwenda.)

"Na nini?"

"Na matobolwa. Basi. Mboga tu, mayu. Nyama hapana."

"Kwa watu wa Neema," akasema taratibu. "Majani na viazi vikavu."

"Ndiyo mayu."

"Haya."

Angalieni hapo nilipojiharibia. Niliona uvivu kumweleza mambo ya mimea na Fadhili, nikasema tu "watu wake", na yeye akaelewa kama mama yeyote wa Kisukuma angeelewa, kwamba mwanawe anapelekwa kwa wakwe kutazamwa kabla ya barua, na anataka kwenda kuaibisha ukoo kwa hotpoti la majani.

Ijumaa jioni akafika Ngokolo na gunia la matobolwa, kifurushi cha nsansa, na jogoo mwekundu ndani ya kikapu. Nikauliza jogoo wa nini, akasema wa kwake. Nikamfunga mguuni mwa meza ya jikoni. Asubuhi naamka, mayu ameshamaliza kupika, hotpoti limefungwa ndani ya kanga, mafundo mawili, na mguuni mwa meza imebaki kamba. Kamba niliiona, jamani. Niliiona nikairuka nikatafuta viatu, kwa sababu nilikuwa nawaza shati gani litalishinda lile jeupe la Fadhili.

"Usifungue njiani," mayu akasema. "Lifunguliwe mbele ya wenyewe."

"Ni mboga tu eti, mayu?"

"Shija, unanifundisha kupika?"

Nikaomba radhi, nikaondoka.

Safari haikuwa na neno. Neema alikuwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, la bluu, sijawahi kuliona, na nikakaa kutoka Shinyanga mpaka Misungwi najiuliza kalishona kwa ajili ya nani. Hotpoti nimelipakata, linaunguza mapaja, siliweki chini. Yeye alikuwa na furaha. Kadiri tulivyokaribia Mwanza na yale mawe yake alikuwa ananionyesha hiki na kile, na mara mbili akataka kuniambia kitu akaacha. Mara ya pili akasema, "Wewe kuwa tu Shija, usiwe na wasiwasi." Nikajua anaogopa Fadhili ataniona mshamba.

Fadhili mwenyewe tulimkuta mlangoni. Kwenye picha alionekana mzuri, ana kwa ana ni balaa. Ana sauti ya chini ya mtangazaji wa redio, na ananukia vizuri, kitu kama ndimu. "Dada Neema, karibu. Kaka Shija, hatimaye," akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, laini, halafu akachukua birika akamnawisha Neema. Anamnawisha. Anammiminia maji polepole kama anamwagilia ua, na Neema anacheka kwa jambo ambalo sikulisikia. Mimi nikanawishwa na Bi Mwajuma, mama mtu mzima anayesaidia kupika pale, akanimwagia maji mpaka kwenye shati.

Tukakaa watu kama kumi na wawili kwenye meza moja ndefu. Chakula cha mgahawa kikaletwa kwanza, ndizi za nazi, kisamvu, ugali wa mtama, na mishikaki. Nikaichangamkia ile mishikaki kabla sijaambiwa ni uyoga. Nikatafuna nikitafuta ukinzani wowote ule, ukano, mfupa, chochote, ikaniponyoka ikashuka yenyewe. Nitasema ukweli ingawa unaniuma, ilikuwa tamu. Hilo nalo lilinikera. Ningeomba Mungu angalau chakula chake kiwe kibaya.

Halafu ukaja utambulisho. Kila mtu anasema jina, anakotoka, kazi yake, na ana muda gani na mlo huu. Kuna mwalimu, kuna dereva, kuna mama wa duka la dawa, wote wanasema kwa unyenyekevu, mwingine akakiri kwamba dagaa zinamshinda. Zamu yangu ikafika. Neema akanigeukia akitabasamu. Fadhili naye akanigeukia akitabasamu, na yale matabasamu mawili yakafanana kiasi kwamba damu ikanipanda.

"Naitwa Shija, natoka Shinyanga," nikasema. "Nafanya biashara ya mazao."

Meza ikatulia. Nikadhani wamenisikiliza kwa heshima, nikaendelea. "Nyama nimeacha karibu miezi miwili sasa. Na kusema kweli hata harufu yake siiwezi tena. Nikipita karibu na bucha nashika pua."

Bi Mwajuma akakohoa. Neema akainamia sahani yake. Fadhili akauliza, taratibu sana, "Mazao gani, kaka?"

"Dengu," nikasema. "Na pamba kidogo."

"Aa. Dengu," akasema, akamtazama Neema, na Neema akamtazama yeye, kwa sekunde moja tu, lakini niliiona, na mimi mjinga nikaitafsiri ile sekunde kwa njia ya wivu. Nikajiambia wanazungumza kwa macho, wamefika huko tayari.

Nikavuta hotpoti langu nikaliweka katikati ya meza kwa kishindo. "Hiki ni chakula cha mama yangu," nikasema. "Nsansa ya Kishapu. Tuone."

Bi Mwajuma akafungua yale mafundo mawili. Harufu ya karanga ikajaa chumba, watu wakasema mmm, nami nikaketi vizuri. Kwa heshima akaanza na mwenye nyumba. Akazamisha upawa, lakini hakuchota juujuu, alizamisha mpaka chini kama wapishi wote wazuri wanavyofanya ili apate rojo, akauinua, akaugeuza kwenye sahani ya Fadhili. Nsansa ikamwagika vizuri, nyeusi, nzito, na juu yake ikaketi firigisi.

Nzima. Imekatwa ule mpasuo wa katikati ambao mayu huukata siku zote, imeng'aa kwa mafuta ya karanga.

Ninyi mnajua firigisi ni nini kwetu. Kuku anayo moja tu, na hiyo moja ni ya mwenye nyumba, haulizwi mtu. Baba alipokuwa hai ilikuwa yake, na siku tuliyomzika baba mayu alichinja kuku, akaipakua ile firigisi, akakaa nayo mkononi, akaja akaiweka kwenye sahani yangu, mbele ya wajomba, bila kusema neno. Kwa hiyo nilipoiona kwenye sahani ya Fadhili sikuwaza kwamba nimeumbuka. Naapa halikunijia hilo kabisa. Niliwaza, hata hii? Umechukua mchana wa mchumba wangu, umechukua maneno yake yote, unamnawisha mikono, na sasa na firigisi ya mama yangu?

Mkono ukaenda wenyewe. Ukapita juu ya kisamvu, juu ya ugali wa mtama, ukaichukua ile firigisi kwenye sahani ya mwenye mgahawa, na nikaiingiza mdomoni nikatafuna mbele ya watu kumi na wawili. Firigisi haimezwi upesi, mnajua, inataka kutafunwa. Nilitafuna na chumba kizima kinasikia. Na nilipofikia katikati ndipo akili ikarudi, lakini utaitema wapi?

Bi Mwajuma, kama vile haikutosha, akarudisha upawa ndani akatoa paja.

Nikameza. Nikasema, "Hiyo ilikuwa yangu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniua. Fadhili akasukuma sahani yake taratibu kuelekea kwangu akasema, "Ni yako kabisa, kaka," bila kejeli hata chembe, na ningependa sana kama angenitukana. Bi Mwajuma akauliza kwa upole wa mtu mzima, "Mwanangu, kwani ile bucha umeiuza?"

"Bucha gani?" nikasema. (Ndiyo, bado nilikuwa naendelea.)

Neema akasimama. "Walikuwa wanajua, Shija. Siku ya kwanza nilipokuja hapa waliniuliza mchumba wako anafanya kazi gani, nikawaambia ana bucha. Wakaniuliza, na wewe ukiacha nyama, utaolewaje na muuza nyama? Nikawaambia nimezunguka bucha zote za Shinyanga, na mizani yake ndiyo peke yake isiyodanganya. Leo walitaka kumwona huyo mtu."

Akachukua mkoba wake akatoka nje kunisubiri. Hata wakati ule, nikiwa nimebaki na mafuta mdomoni, nilitazama kama Fadhili atamfuata. Hakumfuata. Alikuwa anamsaidia Bi Mwajuma kulifunga hotpoti la mayu, akarudishia mafundo yaleyale mawili, akanipa mkononi. "Msalimie mama," akasema. "Karanga zake hazina mfano."

Kwenye basi Neema alikaa dirishani, akasema neno moja tu njia nzima. Karibu na Hungumalwa nikajaribu kueleza, kwamba ilikuwa wivu, kwamba kila siku Fadhili, Fadhili, na yeye akasema, "Ungesema." Basi. Hapo ndipo nililia, kidogo, nimegeukia upande wa watu, nimepakata kuku. Tulipofika Shinyanga akasema barua isubiri, akaenda kwao.

Mayu alikuwa ananisubiri mlangoni. "Walipenda?" akauliza. Nikamwambia karanga wamezisifu. Akafungua hotpoti, akachungulia, akahesabu kwa macho vipande vyote vya jogoo wake, akauliza, "Na firigisi?"

"Nimeila mimi, mayu."

"Vizuri," akasema, akaingia ndani, roho yake kwatu.

Wiki tano barua ilikaa kabatini. Kila mara simu ya Neema ilipokuwa inatumika nilijua anaongea na Mwanza, nikawa natembea ndani ya bucha kama kuku anayetaka kutaga, ila sikusema kitu kwa sababu ningeanzia wapi. Halafu mchana mmoja, foleni ina watu watatu, Neema akaja akasimama nyuma yao. Zamu yake ikafika. Watu waliokwishapimiwa hawakuondoka, mnajua watu wa Ngokolo.

"Umekula nini leo?" akaniuliza.

"Supu ya kongoro. Chapati tatu."

"Jana?"

"Utumbo."

"Siku ile uliponiambia siku ya kumi?"

Nikaweka kisu chini. "Kongoro."

Mama mmoja mwenye kikapu akaguna. Neema hakugeuka. "Fadhili," akasema, "bado unamwonea wivu?"

Nikawatazama wale watu watatu, nikaitazama mizani. "Namwonea," nikasema. "Hata sasa hivi ulivyolitaja jina lake limenichoma."

Naye akaitazama mizani, kwa muda ambao ningeweza kuchuna ng'ombe mzima. Kisha akasema, "Mwambie mayu atoe barua kabatini," akaenda zake kibandani kwake, na mama wa kikapu akaniambia nimpimie upesi kabla sijaanguka.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi, sitamficha tena mtu kilichomo tumboni mwangu, kiwe chakula kiwe wivu. Neema bado hali nyama na mimi bado nakula, na anajua ninachokula na siku niliyokula. Kwenye harusi Fadhili ndiye atakayepika upande wa mimea. Neema aliniuliza kwanza, nikakubali. Nimeomba jambo moja tu, sahani yangu siku hiyo aipakue mayu.